Sindano ya Jicho na Hofu ya Kiharusi



Wewe uliyepanda minazi yako kwa kamba wajua vizuri mstari ulionyoka ni upi. Ulipopewa shamba lako katika skimu, iwe ni Shimba Hills, Tezo-Roka, Magarini au Mpeketoni, kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta mawe ya mpaka na kuvuta kamba kutoka jiwe moja hadi jingine. Basi fikiri kwamba asubuhi moja umesimama mlangoni pako, watazama minazi ile ile, nao mstari wake umepinda katikati kama njia ya nyoka. Minazi haikuhama. Kilichopinda ni kuona kwako.

Watu wengi wakipatwa na jambo hili husema, "Ni uzee tu." Wengine hudhani ni mtoto wa jicho, nao hungoja mpaka uive. Lakini yako maradhi ya macho ambayo hayangoji, na dawa yake ni sindano inayochomwa ndani ya jicho lenyewe. Mzee wako akienda Mombasa kutibiwa, huenda akaambiwa hivyo. Na akirudi nyumbani, huenda akamkuta jirani wa kumwambia, "Sindano ile hupanda kichwani. Utapooza." Akiogopa na kuacha kwenda, huenda akapoteza macho ambayo yangeweza kuokolewa.

Je, maneno ya jirani ni kweli au ni uongo? Hayakosi mzizi, lakini hayatoshi kumfanya mtu akae nyumbani. Tafadhali soma mpaka mwisho, kisha umsomee mzee wako.

UGONJWA WENYEWE

Nyuma ya jicho, upande wa ndani, pana ngozi nyembamba iitwayo retina. Kazi yake ni kupokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Katikati ya retina pana mahali padogo sana paitwapo makula. Mahali hapo ndipo tunapotumia kusoma, kutambua uso wa mtu, kutia uzi katika sindano, na kutazama ujumbe wa M-Pesa katika simu.

Mtu akiisha kupita miaka 50, makula yaweza kuanza kuchakaa. Uchakavu huu ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mkavu, nao huenda polepole kwa miaka mingi. Wa pili ni wa majimaji. Katika huu wa pili, mishipa mibovu ya damu huota chini ya makula kama magugu chini ya mahindi, nayo huvuja maji na damu. Mtu aweza kupoteza uoni wa katikati kwa muda wa wiki au miezi. Pembeni ataendelea kuona, hata aweza kutembea bila kujikwaa, lakini akitazama uso wa mjukuu wake ataona doa la giza badala ya uso.

Msiseme haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 2007 na 2008 madaktari waliwapima watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika wilaya ya Nakuru, ambako pia kuna skimu nyingi za wakulima. Waliona dalili za mwanzo za uchakavu wa makula kwa watu kama 11 katika kila 100, na ugonjwa uliokomaa kwa mtu kama mmoja katika kila 100. Tena wako wagonjwa wengine wanaopewa sindano hiyo hiyo kwa sababu nyingine, kama kisukari kilichoharibu retina, au mshipa wa jicho ulioziba kwa ajili ya presha. Maradhi hayo mawili twayajua sana hapa Pwani.

SINDANO YAFANYA KAZI GANI?

Mwili wetu una kitu kinachoitwa VEGF. Ni kama tarishi anayeamuru mishipa ya damu iote. Mwaka 1989 mtaalamu Napoleone Ferrara na wenzake huko Marekani walikitambua na kukipa jina hilo. Mahali penye jeraha tarishi huyu ni mtu mwema, maana bila yeye kidonda hakiponi. Lakini katika jicho lililochakaa huamuru magugu yaote. Dawa ya sindano humkamata tarishi huyo, na mishipa mibovu hunywea.

Dawa hizo ni kadhaa. Ranibizumab, iitwayo Lucentis, ilikubaliwa Marekani mwaka 2006. Aflibercept, iitwayo Eylea, ilifuata mwaka 2011, na faricimab, iitwayo Vabysmo, mwaka 2022. Nyingine ni bevacizumab, iitwayo Avastin. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, lakini mwaka 2005 daktari Philip Rosenfeld wa Miami aliitumia ndani ya jicho kwa kipimo kidogo, ikafaa. Kwa kuwa chupa moja ya saratani yaweza kugawanywa kwa macho mengi, bei yake ni ndogo sana kuliko zile nyingine. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima kwa ajili ya macho.

Faida yake ni kubwa. Katika jaribio moja la Lucentis lililochapishwa mwaka 2006, wagonjwa kama 95 katika kila 100 waliochomwa sindano kila mwezi hawakupoteza mistari mitatu ya ubao wa herufi baada ya mwaka mmoja. Miongoni mwa wale ambao hawakupewa dawa, ni 62 tu katika kila 100. Lakini jua kwamba sindano hii haiwezi kurudisha makula iliyokwisha kufa, wala haisaidii uchakavu mkavu. Ndiyo sababu tunasema mgonjwa asikawie.

HOFU YA KIHARUSI ILITOKA WAPI?

Sasa tuje kwenye maneno ya jirani.

Wagonjwa wa saratani hupewa Avastin kupitia mshipa wa mkono, na kwa kipimo kikubwa. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 aweza kupewa miligramu 300 au zaidi kwa mara moja. Kwa vipimo vya namna hiyo ilionekana kwamba presha hupanda, na kiharusi na mshtuko wa moyo huongezeka. Jambo hilo ni kweli, nalo limeandikwa na watengenezaji wa dawa wenyewe. Tarishi VEGF husaidia pia kuutunza ukuta wa mishipa ya damu, kwa hiyo akikamatwa katika mwili mzima mishipa yaweza kupata taabu.

Lakini katika jicho, Avastin hutiwa miligramu 1.25 tu, ndani ya maji ya mililita 0.05, yaani kama tone moja. Ukigawanya 300 kwa 1.25 wapata 240. Kipimo cha mkono ni mara 240 ya kile cha jicho. Wewe uliyewahi kuchanganya dawa ya kupe wajua tofauti ya kijiko na debe.

Hata hivyo tone lile halibaki lote ndani ya jicho. Kidogo huingia katika damu, na kwa siku kadhaa VEGF ya damuni hupungua. Hupungua zaidi kwa Avastin na Eylea kuliko kwa Lucentis. Kwa hiyo madaktari hawakupuuza. Walihesabu.

Katika majaribio matatu ya Lucentis kwa ugonjwa huu, mwaka wa kwanza, waliopatwa na kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo cha maradhi ya mishipa walikuwa 17 kati ya wagonjwa 874 waliopewa dawa, yaani kama 19 katika kila 1,000. Miongoni mwa wasiopewa walikuwa 5 kati ya 441, yaani kama 11 katika kila 1,000. Ukiishia hapo utaogopa. Lakini mwaka wa pili hesabu ilikuwa kama 26 katika kila 1,000 kwa waliopewa dawa, na kama 29 katika kila 1,000 kwa wasiopewa. Kwa hiyo hesabu haikuegemea upande mmoja.

Jaribio jingine kubwa la Marekani, ambalo matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2011, lililinganisha Avastin na Lucentis kwa wagonjwa zaidi ya 1,100. Dawa zote mbili zilisaidia macho sawasawa. Vifo, mishtuko ya moyo na viharusi havikutofautiana. Waliopewa Avastin walilazwa hospitali mara nyingi zaidi, lakini kwa maradhi ya namna nyingi mbalimbali, hata haikuwa rahisi kusema ni dawa iliyoyaleta.

Maana ya hesabu hizi ni nini? Maana yake ni kwamba wanaochomwa sindano hizi wengi ni wazee, na wengi wana presha au kisukari. Watu wa namna hiyo hupatwa na kiharusi hata kama hawajaguswa jicho. Hatari inayotokana na tone lenyewe, kama ipo, ni ndogo. Hatari ya upofu kwa mtu mwenye makula inayovuja ambaye hakutibiwa ni kubwa na iko karibu. Lakini kwa mtu aliyepatwa na kiharusi juzi tu, mizani yaweza kugeuka. Huyo daktari lazima amjue kabla ya kushika sindano.

MWAMBIE DAKTARI KABLA HAJAKUULIZA

Kliniki ya macho yaweza kuwa na watu wengi, na muuguzi ana haraka. Atasema, "Shikamoo mzee, jicho gani?" Nawe utajibu, "Marahaba mwanangu, la kulia," kisha utanyamaza. Usinyamaze. Mambo haya lazima yasemwe, hata kama hukuulizwa:

1. Kama umewahi kupatwa na kiharusi, na ni lini. Taja hata kile kidogo kilichopita baada ya saa moja, mkono ulipokufa ganzi au ulimi ulipokuwa mzito kisha ukapona.

2. Kama una maradhi ya moyo, na kama umelazwa kwa ajili yake katika miezi ya karibu.

3. Kama una presha au kisukari. Chukua kadi yako ya kliniki. Chukua na dawa zote unazomeza, uzitie katika mfuko, maana majina yake ni magumu kukumbuka.

4. Kama jicho lina usaha, wekundu au kope zilizovimba siku hiyo.

5. Kama sindano iliyopita ilikuletea jambo lolote lisilo la kawaida.

Akiisha kujua hayo, daktari aweza kukuchoma siku hiyo, au kuahirisha, au kuchagua dawa isiyokaa sana katika damu. Wewe usiache dawa ya presha siku ya sindano ukidhani zitagongana. Hata dawa za kulainisha damu usiziache kwa hiari yako. Jicho halihitaji uziache, na kuziacha ndiko kuwezako kukuletea kiharusi.

SIKU YA SINDANO KISIWANI

Si kila hospitali ina daktari wa retina. Uliza kwanza katika kituo chako cha afya upewe barua. Hospitali kuu ya Coast General iliyo kisiwani, hospitali ya macho ya Lighthouse for Christ ya Mombasa, na kituo cha macho cha Kwale ni mahali pa kuanzia kuuliza. Uliza pia kama bima yako ya SHA italipa, na italipa kiasi gani, kabla hujauza mbuzi.

Usiende peke yako. Ukitoka Shimba Hills utavuka feri ya Likoni, ukitoka Kilifi utapita daraja la Nyali, na kurudi utarudi na jicho moja lenye ukungu. Kula asubuhi isipokuwa umeambiwa vingine. Kama una ndugu katika Mji wa Kale, ni vyema kulala kwake usiku ule, uwe karibu na hospitali.

Sindano yenyewe si ya kutisha kama isimuliwavyo. Hutiwa matone ya ganzi, kisha dawa ya ayodini ya kuua vijidudu. Kope hushikwa kwa chuma kidogo. Sindano nyembamba huingia katika weupe wa jicho, wala si katika mboni, na kazi yote ni ya sekunde chache.

Baadaye yako mambo ambayo huonekana mara nyingi, nayo si hatari. Jicho laweza kuwasha kama limeingia mchanga mpaka kesho yake, na hiyo huletwa na ayodini. Weupe waweza kuwa na doa jekundu la damu. Vidoto vyeusi vyaweza kuelea mbele ya macho kwa siku chache. Wengine huumwa kichwa kidogo. Na wako ambao huzimia pale pale kwa hofu, hata vijana wenye nguvu. Mtu aliyezimia kwa hofu akilazwa na kuinuliwa miguu hupata fahamu baada ya dakika chache, na mikono yake yote miwili ina nguvu sawa. Hiyo si kiharusi.

Ukirudi shambani, kaa siku chache bila kulima vumbini na bila kupiga dawa ya mimea. Usilisugue jicho, wala usilioshe kwa maji ya kisima au ya bwawa.

DALILI ZA KUKIMBILIA

Ziko dalili za namna mbili. Usizichanganye.

Dalili za jicho. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoongezeka, mwanga unaochoma, na kuona kunakofifia katika siku za kwanza baada ya sindano. Huenda vijidudu vimeingia ndani. Hutokea kama mara moja katika sindano 2,000 au 3,000, lakini ikitokea jicho laweza kufa kwa siku mbili. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya miadi.

Dalili za kichwa. Mwambie acheke, uone kama upande mmoja wa uso umeanguka. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie aseme jina lake na la kijiji chake, uone kama maneno yanapotea. Moja tu kati ya hizo ikionekana, ni kiharusi mpaka daktari aseme siyo.

Iko na dalili nyingine ambayo mwenye ugonjwa wa macho aweza kuidhania ni ya jicho. Ni kukosa kuona nusu ya mbele yake kwa ghafula. Afumbe jicho moja, kisha jingine. Kama upande ule ule hauonekani kwa macho yote mawili, taabu iko katika ubongo, si katika jicho lililochomwa.

Mtu mwenye dalili za kiharusi mpeleke hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Tazama saa, uandike dalili zilianza lini, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Usimpe chakula wala maji, huenda yakampalia. Usimpe aspirini, kwa sababu baadhi ya viharusi ni vya mshipa uliopasuka, na aspirini itazidisha kuvuja. Na utakapofika, sema kwamba alichomwa sindano ya jicho, utaje dawa na siku.

MZEE AONAYE WATU WASIOKUWAPO

Liko jambo moja zaidi la kichwa ambalo wazee hulificha, nasi twataka kulisema wazi.

Huenda mzee wako ameketi barazani jioni, akaona watoto wamevaa kanzu nyeupe wakipita uwanjani, au ng'ombe wasio wa mtu, au ukuta uliojaa maua. Hawasemi neno. Baada ya dakika chache wametoweka. Yeye mwenyewe ajua kwamba hawapo. Huogopa kusema, asije akaambiwa ana wazimu, au amerogwa, au ameingiliwa na majini. Na kama alichomwa sindano wiki hiyo, atadhani dawa imepanda kichwani.

Jambo hili lina jina. Mwaka 1760 mtaalamu wa Uswisi aitwaye Charles Bonnet aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee aliyekaribia miaka 90, mwenye macho mabovu na akili timamu, ambaye alikuwa akiona watu, ndege na majumba yasiyokuwapo. Sababu yake yaeleweka. Ubongo uliozoea kupokea picha kutoka kwenye jicho, ukikosa picha huanza kuchora zake wenyewe. Ni kama mtu aliyezoea mshindo wa bahari, akihamia bara usiku bado ausikia.

Kwa hiyo mauzauza haya kwa kawaida huletwa na ugonjwa wa jicho, si na sindano. Ni kweli madaktari wameandika habari za wagonjwa wachache ambao yaliwaanza baada ya sindano, lakini ni wachache. Mara nyingi hupungua yenyewe baada ya miezi. Yakimjia, awashe taa, apepese macho, ageuze kichwa kushoto na kulia, au ainuke akaguse mahali pale. Wewe usimcheke, wala usikimbilie kumtoa kuku wa mganga.

Lakini kama anayoyaona yanamsemesha, au anaamini kwamba ni watu kweli, au amechanganyikiwa asijue siku wala mahali, au ana homa, hilo ni jambo jingine. Mpeleke kwa daktari.

DAWA BANDIA

Wewe wajua kwamba chanjo ya kuku ikipatwa na jua imekuwa maji matupu. Dawa hizi za jicho nazo zataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, kutoka kiwandani mpaka katika mkono wa daktari. Na kwa kuwa ni za bei, wako wezi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Avastin ya bandia iliyoonekana Uganda. Mwaka 2023 katika jimbo la Punjab, Pakistan, makumi ya watu walipoteza kuona baada ya kuchomwa Avastin iliyoharibiwa katika kugawanywa.

Basi usinunue chupa kwa mtu uliyemkuta njiani, hata akisema ni ya nusu bei, wala usiibebe mwenyewe ndani ya basi. Chomwa katika hospitali inayotunza dawa yake. Uliza jina la dawa, nambari ya chupa na tarehe ya mwisho, uandike katika daftari. Daktari mwema hakasiriki akiulizwa.

JIPIME MWENYEWE

Ukipata nafasi, tembea katika Mji wa Kale. Kutoka Ngome ya Yesu fuata Ndia Kuu, utazame juu. Utaona roshani za mbao, na madirisha yenye vipande vilivyopangwa kwa mistari na miraba. Mafundi wa zamani walizitengeneza ili upepo upite na wa ndani wasionekane. Leo zakufaa kwa jambo jingine. Simama, vaa miwani yako, funika jicho moja kwa kiganja, utazame katikati ya dirisha. Je, mistari imenyoka? Je, pana mraba uliotoweka? Kisha funika jicho la pili.

Nyumbani tumia wavu wa dirisha, au karatasi ya daftari la hesabu lenye miraba. Fanya hivyo kila wiki, na kwa jicho moja moja, kwa sababu jicho zima huficha ugonjwa wa mwenzake. Mistari ikipinda ghafula, usingoje mavuno ya korosho. Nenda wiki hiyo hiyo.

Na ukitaka kulinda makula yako, acha tumbaku, tuliza presha, na kula mchicha na kisamvu ulichopanda mwenyewe.

KUMBUKA

Sindano ya jicho haikuletwa ili kupoozesha watu. Lakini ni dawa yenye nguvu, na mwenye kuipewa yafaa aseme habari zake zote. Mwambie daktari juu ya kiharusi na moyo. Endelea na dawa ya presha. Jua dalili za jicho na dalili za kichwa. Usifiche mauzauza. Na kama umeanza sindano, usikatishe kati bila kuzungumza na aliyekuchoma, maana magugu yaliyopaliliwa mara moja huota tena.

Jirani yako akikuambia umwache mzee nyumbani, mkaribishe kahawa umsomee ukurasa huu. Kisha mfanye yeye naye afunike jicho moja, autazame mstari wa minazi.